Ekari moja, pikseli nne na nusu: kusoma msitu, maji na udongo kwenye ramani za mtandaoni

Anayetaka kununua shamba, kuchimba kisima au kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji anaweza kujua mengi kabla hajapanda bodaboda kwenda kuona eneo lenyewe. Ramani zipo, na kuzitazama ni bure. Wengi hupotea pale wanapoamini rangi ya ramani kabla ya kuiuliza maswali matatu: pikseli zake (viraba vidogo vinavyounda picha) ni za ukubwa gani, picha ni ya lini, na aliyeitengeneza alikuwa anahesabu nini.

Swali la kwanza ni la hesabu. Ramani za msitu na maji zinazotokana na setilaiti za Landsat zina pikseli za mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo inabeba pikseli nne na nusu tu. Kwa setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10, ekari hiyohiyo inapata pikseli kama 40. Ramani ya udongo ya SoilGrids ina pikseli za mita 250: rangi moja inafunika ekari 15 na ushei. Mwenye ekari mbili akiisoma hiyo, anasoma shamba lake pamoja na ya majirani.

Nukta kwanza

Kosa linaloharibu kazi nyingi hutokea kabla ramani haijafunguka. Kwenye Google Maps ya simu, bonyeza eneo na ushikilie mpaka pini itokee, kisha nakili namba mbili zinazoonekana, mfano -6.1750, 35.7400. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Kwa Tanzania, latitudo ziko kati ya -1 na -12, na longitudo kati ya 29 na 41; alama ya kutoa maana yake kusini mwa ikweta. Kenya imekatwa na ikweta, hivyo huko alama hiyo inaweza kuwepo au isiwepo, na ndiyo sababu ya kuwa makini zaidi. Ukisahau alama ya kutoa kwenye -6, 35, utaangukia eneo la mpaka wa Ethiopia na Sudan Kusini. Ukigeuza mpangilio wa namba, utajikuta Morocco.

Kosa la kimyakimya zaidi ni la dakika na sekunde. Nyuzi 6, dakika 10 na sekunde 30 si 6.1030. Gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha: 6 + 0.1667 + 0.0083 = 6.175. Anayeandika 6.1030 amekosea kwa kilomita nane hivi, na ramani haitamwambia. Tarakimu nne baada ya nukta zinakupa usahihi wa mita 11, tano mita moja. Mbili ni kilomita nzima, hazifai kwa shamba.

Kama unachunguza eneo lenye mipaka, zunguka pembe zake na simu. Kila pembe subiri hadi kipimo cha usahihi kwenye programu ya GPS kishuke chini ya mita 5. Chini ya mwembe mkubwa hakitashuka, sogea uwanjani. Chora umbo hilo kwenye Google Earth ya kompyuta, kisha ulipakue kama faili la KML, yaani faili linalobeba umbo la eneo na kodineti (namba za latitudo na longitudo) zake. Faili hilo utalitumia tena na tena.

Msitu: rangi ya waridi haisemi "wamekata ovyo"

Global Forest Watch, iliyozinduliwa na World Resources Institute mwaka 2014, ndiyo pa kuanzia. Fungua ramani, washa tabaka la "Tree cover loss", kisha pakia KML yako au chora poligoni (umbo la eneo) kwa mkono. Uchambuzi utakupa hekta zilizopotea kila mwaka kuanzia 2001.

Sasa swali la tatu, la nini kinahesabiwa. Hapa "mti" ni uoto wowote wenye kimo cha zaidi ya mita 5. Mnazi umo, mkorosho uliokomaa umo, msindano wa kupandwa umo. "Kupotea" ni kuondoka kwa kivuli hicho kwa sababu yoyote: shoka, moto, upepo au mavuno halali. Mfano mzuri ni Sao Hill, Mufindi. Hapo ni shamba la miti la serikali, na miti hukatwa kwa mzunguko na kupandwa upya. Kwenye ramani utaona madoa ya waridi yenye kingo zilizonyooka kama vitalu. Kingo hizo ndizo zinazosema: mavuno. Mashamba mapya yanayoingia msituni huonekana tofauti, madoa madogo yasiyo na umbo maalumu, yakifuata barabara au mto, na mwaka unaofuata yanasogea mbele kidogo.

Kuna kitu kimoja cha kurekebisha ambacho watu wengi hawakigusi. Tabaka hilo huja likiwa limewekwa kwenye asilimia 30 ya kufunika kwa matawi, yaani pikseli ambayo matawi yanafunika chini ya hapo haihesabiwi kuwa na miti. Kwa msitu mnene wa Kongo, sawa. Kwa miombo iliyo wazi, Tabora au Katavi, utakuwa umefuta sehemu ya msitu kabla hujaanza kuhesabu upotevu wake. Shusha hadi 10 au 15, kisha andika pembeni umetumia ngapi. Takwimu mbili za eneo moja zenye viwango tofauti hazilinganishwi, na mabishano mengi kwenye mikutano ya vijiji na wadau yanaanzia hapo. Vilevile usichore mstari mmoja kutoka 2001 hadi leo na kusema ukataji umeongezeka: mbinu ya kugundua upotevu iliboreshwa njiani, hasa kwa miaka ya kuanzia 2015, na sehemu ya ongezeko ni jicho lililokuwa kali zaidi.

Kwa mambo ya wiki hizi, tumia tahadhari za ukataji kwenye ramani hiyohiyo. Zinaunganisha mifumo mitatu: miwili ya picha za kawaida na mmoja wa rada, unaoona hata penye mawingu. Kila tahadhari ina ngazi ya uhakika. Ya juu kabisa ni ile iliyoonwa na mfumo zaidi ya mmoja. Miombo hupukutisha majani kiangazi na nyasi zake huungua, kwa hiyo tahadhari ya ngazi ya chini ya mwezi Agosti isikupandishe pikipiki. Kwanza ithibitishe kwa macho.

Uthibitisho unafanyika Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti. Andika kodineti, chagua Sentinel-2, punguza kiwango cha mawingu hadi asilimia 20, kisha fungua picha ya kabla na ya baada. Setilaiti hizo hupita kila baada ya siku 5 hivi, na picha zinaanzia 2015. Hapa ndipo swali la pili, la tarehe, linapoingia: linganisha Juni na Juni, au Septemba na Septemba. Ukilinganisha Machi na Septemba utakuwa umepima mvua. Ukichagua "False color", mimea hai inakuwa nyekundu na udongo mtupu unakuwa wa kijivu au kahawia hafifu. Kovu la moto huonekana jeusi na hufifia msimu wa mvua unaofuata. Shamba lililolimwa halifuti alama yake hivyo.

Maji ya juu

Global Surface Water Explorer ya Umoja wa Ulaya imekusanya picha za Landsat kuanzia 1984. Tabaka la "Occurrence" linaonyesha ni mara ngapi pikseli ilikutwa na maji: buluu iliyokolea ni maji ya kudumu, na kadiri inavyoelekea waridi ndivyo maji yalivyoonekana mara chache. Anayetaka kiwanja kando ya ziwa asome hili kabla ya kuuliza bei. Fungua Ziwa Baringo, Kenya, kisha washa tabaka la "Transitions". Pembezoni utaona maeneo yaliyokuwa nchi kavu na sasa ni maji, matokeo ya maziwa ya Bonde la Ufa kupanda kuanzia miaka ya 2010. Aliyepima kiwanja chake kwa ufuo wa mwaka 2005 alipima kwa ufuo ambao haupo tena.

Tabaka la "Transitions" kimsingi hulinganisha mwaka wa kwanza na wa mwisho. Mafuriko ya katikati hayaonekani vizuri humo, yatafute kwenye "Occurrence". Picha za Afrika Mashariki za miaka ya 1980 na 1990 pia ni chache, hivyo ukimya wa ramani kwa miaka hiyo hauthibitishi ukavu. Lambo la kijiji lenye upana wa mita 20 halitaonekana kabisa, na maji yaliyofunikwa na mafunjo husomwa kama majani.

Udongo

iSDAsoil inatoa ramani ya Afrika kwa pikseli za mita 30: gusa nukta, upate pH (kipimo cha tindikali), nitrojeni, fosforasi na mengine kwa kina cha sm 0–20 na 20–50. Usidanganywe na hizo mita 30. Hakuna aliyechimba kila pikseli. Ni makadirio ya kompyuta yaliyofundishwa kwa sampuli zilizotawanyika bara zima. Ndiyo maana inafaa kusoma upeo wa makadirio na si namba moja. Ikikuambia pH iko kati ya 5.2 na 6.4, maana yake kwa mahindi inaweza kuwa shwari au ikawa tindikali ya kuhitaji chokaa. Hapo ramani imefikia mwisho, chukua sampuli: vishimo 10 hadi 15 kwa njia ya zigizaga, sm 20 kwenda chini, ukikwepa vichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa taka. Changanya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huongeza zinki), toa nusu kilo, peleka maabara. TARI Mlingano, Tanga, ni kituo cha utafiti wa udongo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania.

Maji ya chini

Africa Groundwater Atlas ya British Geological Survey itakupa aina ya mwamba na tabia yake. Ramani zake za nchi ni za skeli ya 1:5,000,000: milimita moja ni kilomita 5. Haichagui mahali pa kuchimba. Kwenye miamba ya kale kama ya Dodoma maji hukaa kwenye nyufa, na visima viwili vilivyoachana mita 50 vinaweza kutofautiana kabisa. Pima kwa vifaa, na upate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa floraidi, tazama ramani ya GAP, jukwaa la tathmini ya maji ya chini la taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag, Uswisi, inayoonyesha uwezekano wa kuvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO. Ikikolea rangi, kama inavyokuwa ukanda wa Bonde la Ufa, pima maji kabla ya kununua pampu.

Mpaka unapohama mita 300

Mipaka ya hifadhi iko Protected Planet, na leseni za madini ziko kwenye ramani ya Tume ya Madini. Zote ni za kukustua tu. Mpaka wa kisheria ni ule wa Tangazo la Serikali na bikoni (alama za mpaka) zilizoko ardhini, na msitu wa hifadhi wa kijiji mara nyingi uko kwenye jalada la halmashauri tu.

Ukinakili kodineti kutoka karatasi za zamani za 1:50,000, angalia pembeni pameandikwa datamu gani, yaani mfumo wa msingi uliotumika kupimia kodineti hizo. Nyingi ni Arc 1960, wakati simu yako inatumia WGS84. Namba zilezile zikiingizwa bila kubadilishwa zinahama takriban mita 300, sehemu kubwa kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Dalili yake ni rahisi kuitambua: pembe zote za eneo zinatofautiana na bikoni kwa umbali uleule na upande uleule. Badilisha datamu kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, na kama namba ni za UTM (kodineti za mita zilizogawanywa kwa kanda) chagua kanda kwanza, 36 Kusini kwa longitudo 30 hadi 36, 37 Kusini kwa mashariki ya 36. Dodoma mjini iko 36, Morogoro iko 37.