Wimbo wa Asili na Kava Yake: Jinsi ya Kulinganisha Bila Masikio Kukudanganya

Anayelinganisha wimbo wa asili na kava, yaani wimbo huohuo ukirekodiwa upya na mwimbaji mwingine, mara nyingi hukosea kabla hajasikiliza. Santuri ilinakiliwa ikizunguka kasi kupita kiasi, kava ina sauti kubwa kuliko asili, au rekodi inayoitwa ya asili siyo. Ukianzia hapo, utasifu mwimbaji kwa kazi iliyofanywa na mashine. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza hapa ni maandalizi matupu, na ndizo zisizofaa kurukwa.

Utahitaji kompyuta yenye Audacity, ambayo ni ya bure, hedifoni, gitaa au kinanda, programu ya simu ya kupima noti, na daftari. Usitoe hukumu ukiwa ndani ya matatu. Spika za humo huongezewa besi hadi kila wimbo unakuwa na uzito uleule.

Hatua ya 1: Jua asili ni ipi

Tenganisha watu watatu: aliyetunga, aliyerekodi kwanza, na aliyeuvumisha wimbo. Malaika unaonyesha kwa nini. Fadhili William aliurekodi mapema miaka ya 1960, lakini utunzi wake umebishaniwa muda mrefu, na Adam Salim ni miongoni mwa wanaotajwa. Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M. wakaurekodi 1981, Angélique Kidjo 1991. Ukiandika tu "wimbo wa Makeba", umewafuta watu wawili kwa maneno matatu.

Angalia pia kama kava ilitokana na asili au na kava nyingine. Solomon Linda alirekodi Mbube mjini Johannesburg 1939. The Weavers wa Marekani walisikia "uyimbube" kama "wimoweh" wakaimba hivyo, kisha The Tokens wakajenga toleo lao la 1961 juu ya lile la The Weavers. Ukiwalinganisha The Tokens na Linda moja kwa moja, utawalaumu kwa kosa walilolirithi. Linganisha pingili kwa pingili.

Kwenye santuri, jina lililo ndani ya mabano chini ya jina la wimbo kwa kawaida ni la mtunzi, si la mwimbaji. Mwaka unaoonyeshwa na programu za muziki usiuamini peke yake, kwani mara nyingi ni mwaka wa toleo jipya. Wanamuziki wengi wa zamani walirekodi tena nyimbo zao wenyewe miaka mingi baadaye, na rekodi hizo huuzwa kwa jina lilelile. Ukipata santuri yenyewe, na Kenyatta Market, Nairobi, bado zinauzwa, soma nambari iliyochongwa kwenye plastiki kati ya lebo na mwisho wa mfereji. Toleo moja likitofautiana na jingine kwa nambari hiyo, yasikilize yote mawili: huenda ni rekodi mbili tofauti.

Hatua ya 2: Sawazisha kasi

Kasi ikipanda, mwendo na noti hupanda pamoja. Asilimia 6 ni karibu nusu toni nzima, yaani hatua kati ya fito mbili zinazofuatana za gitaa. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ikichezwa kwa 45 hupanda zaidi ya nusu toni tano, na hilo hata mtoto atalitambua. Hatari ni kosa dogo la asilimia 2 au 3: hulioni, ila mwimbaji anaonekana kijana zaidi na bendi inaonekana kuchangamka. Kanda ambayo mkanda wa mpira wa mashine yake umelegea hufanya kinyume, kila kitu kinazubaa.

Kupima kwa gitaa pekee hakutoshi. Ukikuta noti ya La iko kwenye Hertz 453 badala ya 440, huenda rekodi inakimbia kwa asilimia 3, au huenda bendi ilisetia gitaa zake juu tangu mwanzo. Tafuta mvumo wa umeme chini ya muziki, hasa sekunde za mwanzo kabla ala hazijaingia. Umeme wa Kenya ni wa Hertz 50, hivyo mvumo ulioingia studio ya Nairobi ulipaswa kuwa 50. Ukiukuta kwenye 51.5, rekodi inakimbia kwa asilimia 3, basi ipunguze. Angalizo: mvumo unaotoka kwenye amplifaya yako wakati wa kunakili utakaa 50 daima, hata santuri ikikimbia. Rekodi sekunde kumi sindano ikiwa imeinuliwa. Mvumo ukibaki vilevile, ni wako, usiutumie. Kwa rekodi za Marekani kumbuka umeme wao ni wa Hertz 60.

Hatua ya 3: Sawazisha sauti

Kati ya sauti mbili, sikio hupenda ile kubwa, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu. Katika Audacity, chagua wimbo wote, fungua Loudness Normalization, weka -18 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kisha fanya vivyo hivyo kwa kava. Usitumie kipimo cha kilele. Kava za kisasa hubanwa sana, hivyo vilele vikilingana, kava bado itakuwa na kishindo zaidi. Kama asili ni mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ileile, igeuze kava nayo kuwa mono kwa usikilizaji wa kwanza, la sivyo utasifu upana wa spika ukidhani ni mpangilio wa ala.

Hatua ya 4: Chora ramani

Chora safu mbili daftarini na uandike dakika na sekunde za utangulizi, kila ubeti, kiitikio, gitaa la pekee na mwisho. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Ukipata 70 upande mmoja na 140 upande wa pili, huenda umehesabu pigo moja kwa mawili, hivyo rudia ukifuata besi. Kisha tafuta noti ambayo wimbo unatulia juu yake, iandike. Mara nyingi kava huhamia noti nyingine ili kufuata koo la mwimbaji tu, na hilo si ubunifu.

Hatua ya 5: Maneno

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kazi ambayo hakuna atakayetufanyia. Andika maneno ya kila toleo kwa sikio lako, bila kunakili mtandaoni, kwa maana tovuti nyingi hubandika maneno yaleyale kwa kila mwimbaji. Kisha linganisha silabi kwa silabi.

Chukua "hukuwaza" katika Malaika. Hu- ikiwa ya mazoea, mpenzi anasema humuwaza kidege wake siku zote. Ikisomwa kama kanushi ya wakati uliopita, kidege ndiye ambaye hakuwaza. Mwimbaji akisema "nakuwaza", utata wote umekwisha, na pamoja nao sehemu ya uchungu. Tazama pia "ningekuoa". Katika matumizi ya kawaida mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba aliliacha neno kama lilivyo, kwa hiyo anaimba kwa kinywa cha kijana aliyekosa mali. Ni uamuzi wa kisanaa, uandike.

Jambo Bwana, wa Them Mushrooms wa 1982, una somo jingine. "Habari gani" hujibiwa "nzuri", lakini wimbo una "mzuri sana", Kiswahili cha kumpokea mgeni. Kava inayosahihisha sarufi hapo imempoteza mgeni.

Hatua ya 6: Sikiliza tabaka moja kwa wakati

Rudia sehemu ya sekunde 20 mara tano: mara ya kwanza besi tu, kisha ngoma, gitaa, sauti kuu, mwisho waitikiaji. Besi ndiyo hubadilika zaidi bila watu kugundua, hasa wimbo wa gitaa mbili ukigeuzwa disko. Ikikupotea, icheze kwa gitaa lako noti moja moja. Pumzisha masikio kila dakika 40.

Hatua ya 7: Andika

Kila sentensi iwe na mahali, badiliko na matokeo. "Kava ina hisia zaidi" haipimiki. Andika hivi: "Ubeti wa pili, gitaa linanyamaza na mwimbaji anachelewesha neno la mwisho kwa nusu pigo, ndipo ombi linasikika kama kusitasita." Msomaji ataweza kufungua sekunde hiyo na kukubishia.