Kabukicho usiku: bei iandikwe kabla hujakaa

Mnaopitia Tokyo na kutaka kuona baa za Kabukicho, mtaa wa starehe za usiku, ambako akina dada hukaa na mteja, msikae kabla ya kuandikiwa bei ya jumla. Mlangoni uliza "zenbu de ikura?" (yote kwa pamoja ni kiasi gani), kisha mpe mhudumu simu yako aandike tarakimu. Bei ya bangoni mara nyingi ni ya muda tu, tuseme dakika 60. Juu yake huja ada ya huduma, pengine na ya meza, kodi ya asilimia 10, na vinywaji vya dada unayeongea naye. Hivyo ndivyo humaliza watu pesa. Uliza pia nyongeza ya muda, maana usipoaga saa inaendelea kuhesabu. Baa safi huandika bila kusitasita. Ikizungusha maneno, ondoka. Bado hudaiwi kitu.

Mbinu hii haifui dafu ukiwa umeletwa na mpiga debe wa barabarani. Bei anayoitaja si ahadi ya baa, na kuvuta wateja namna hiyo ni kosa kisheria. Vipaza sauti vya mtaani huonya wazi. Usimfuate hata kama ni mwenzetu Mwafrika anayekuita ndugu. Bili ya ajabu ikishafika mezani, polisi wa 110 (namba ya dharura ya polisi Japani) wanaweza kuiona kama mgogoro wa madai tu. Kwa hiyo kadi ya benki ibaki hotelini, utembee na taslimu uliyopanga kutumia.