Kupima nitrojeni dioksaidi ya barabarani Mbeya kwa chujio la chai

Mwalimu mwenzangu wa kemia, kama shule yenu ina spektrofotomita (kifaa cha kupima ukolevu wa rangi kwa mwanga), hata ile ya zamani inayochukua dakika kumi kupata moto, huna haja ya kusubiri mfadhili ili upime hewa ya mtaani kwako. Njia ninayoitumia ni ya mwanasayansi Edward Palmes, aliyeichapisha Marekani mwaka 1976. Ni bomba la plastiki la sm 7.1, kipenyo cha ndani sm 1.1, limezibwa juu na kuachwa wazi chini. Halina pampu wala umeme. Nitrojeni dioksaidi, gesi ya moshi wa magari, hupanda yenyewe, hunaswa na trietanolamini (kemikali ya kunasa gesi hii) iliyopakwa kwenye wavu ndani ya kifuniko cha juu, na kubaki pale kama nitraiti.

Wavu nauchonga kutoka kwenye machujio ya chai ya chuma kisichoshika kutu, vipande viwili vya duara kwa kila bomba. Trietanolamini wanayo wauza malighafi za sabuni na vipodozi, niliponunua ya kwanza muuzaji aliniuliza, "Mwalimu, naona umehamia kwenye losheni?" Changanya nusu kwa nusu na asetoni, chovya vipande, vikaushe juu ya karatasi safi, vipachike kwenye kifuniko, kisha ziba ncha zote mbili hadi siku ya kutundika. Chumba cha kazi hii kisiwe na jiko la mkaa wala la gesi, maana moto nao hutoa gesi ileile.

Mahali pa kutundika ndipo palipo na kazi kuliko maabara yote. Weka bomba mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ardhini, mdomo ukiangalia chini, mbali na matawi na kona za ukuta ambako hewa hutuama. Pasipo na kinga ya upepo, hewa huvuruga mdomo wa bomba na jibu huwa kubwa kuliko ukweli. Mimi huchagua sehemu tatu: Mwanjelwa kwenye msongamano, Mlima Nyoka ambako malori ya barabara kuu hupanda kwa gia ndogo, na shamba lililo mbali na lami pale Uyole kwa ajili ya kulinganisha. Kila sehemu ipate mabomba matatu, na moja zaidi libaki limezibwa kabatini tangu mwanzo hadi mwisho. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, halafu kwa vijana wa kijiwe cha bajaji. Usipowaeleza, watadhani ni kamera ya trafiki na hutaikuta. Wakielewa, watakulindia kuliko mlinzi wa kulipwa.

Baada ya wiki mbili, ziba, andika saa, rudi maabara. Andaa sulfanilamidi gramu 2 ndani ya mililita 100 za maji yaliyotoneshwa zenye mililita 5 za asidi ya fosforiki, na pembeni kitendanishi cha naftili-ethilini-daiamini, gramu 0.14 kwa mililita 100, kwenye chupa nyeusi. Mimina ndani ya bomba mililita 1.5 za maji, 1.5 za sulfanilamidi na 0.15 za kitendanishi. Tikisa, subiri nusu saa. Rangi ya waridi ikitokea, soma kwenye nanomita 540. Mstari wa kulinganishia utoke kwenye sodiamu nitraiti: gramu 0.150 kwa lita moja hutoa miligramu 100 za nitraiti, kisha zimua hadi kati ya 0.1 na 0.8 kwa lita. Sodiamu nitraiti ifungie kwa kufuli. Inafanana kabisa na chumvi ya mezani, na inaua.

Mwanafunzi makini atauliza rangi inatoka wapi. Asidi huigeuza nitraiti kuwa asidi ya nitrasi, na hiyo ndiyo inayoshikana na sulfanilamidi. Asidi hiyohiyo iko hewani pia. Usiku nitrojeni dioksaidi hukutana na unyevu wa kuta, majani na lami, ikazaa asidi ya nitrasi. Udongo wenye mbolea ya nitrojeni nao huitoa. Jua la asubuhi likiipiga, huvunjika kuwa nitriki oksaidi na hidroksili, na hidroksili ndiyo inayoanzisha kazi ya kutengeneza ozoni mchana. Julai, baridi inapoukandamiza moshi chini ya mlima Loleza hadi jua lipande, ndipo mambo haya yanapokolea. Trietanolamini haina ubaguzi, hunasa dioksaidi na asidi zote mbili. Asidi kwa kawaida ni sehemu ndogo tu, ila usiandike kana kwamba haipo.

Hesabu ni hii: kiasi cha nitraiti, baada ya kutoa kile cha bomba la kabatini, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa eneo la mdomo (sm² 0.95), kwa muda wa sekunde na kwa kigezo cha mtawanyiko, yaani kasi ya gesi kusambaa hewani (sm² kwa sekunde). Jibu ni kwa sentimita ya ujazo, zidisha kwa milioni kupata mita ya ujazo. Vitabu hutoa kigezo cha 0.154 kwa kanieneo ya usawa wa bahari. Sisi tuko kwenye mita 1,700 hivi, kanieneo ni kama hektopaskali 830, na gesi husafiri kwa kasi zaidi, tumia 0.188. Tofauti si ndogo. Maikrogramu 0.6 za wiki mbili zitakupa 24 kwa mita ya ujazo ukifuata kitabu, na karibu 20 ukifuata Mbeya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni 10 kwa wastani wa mwaka, hivyo rudia masika, kipupwe na wakati wa kuchoma mashamba kabla hujajilinganisha nao. Kwenye jedwali weka "nitrojeni dioksaidi pamoja na asidi ya nitrasi", na kando yake kanieneo uliyotumia.