Unataka kuratibu kazi za kumaliza tatizo la watu kulala nje? Anza na majina

Kama umesoma ustawi wa jamii na unaitamani hii kazi, elewa kitu kimoja mapema: mratibu hana wateja, ana mashirika. Kuna wanaogawa chakula, wenye shelta (nyumba za kulala kwa muda), hospitali, polisi, idara ya nyumba, nyumba za ibada, na kila mmoja ana fomu zake na mfadhili wake, mwisho wa mwaka kila mmoja anaripoti amehudumia watu kibao kumbe ni mtu yule yule kahesabiwa mara tano na usiku bado analala barazani kwa watu. Hapo ndo kazi yako ilipo.

Ila usikimbilie uratibu ukitoka tu chuo. Kaa kwanza miaka kadhaa ukimfuatilia mtu mmoja mmoja, ujue kitambulisho kilichopotea kinapatikanaje, ujue kwa nini mtu anaikataa shelta (mara nyingi sio ukaidi, ni kwamba hawamruhusu aingie na mume wake au na mizigo yake, au alishaibiwa humo ndani). Usipoyajua haya, wale wanaofanya kazi mtaani watakusikiliza kwa heshima halafu wataendelea na mambo yao.

Ukishapewa kiti, wenzako watataka semina ya uzinduzi, mabango, posho. Achana nayo. Tengeneza orodha moja ya majina ya kila mtu asiye na makazi eneo lako, wote mnaijaza hiyo hiyo, na kila aliyemo amekubali taarifa zake zitumike, tena kwa kuelezwa vizuri, sio kusainishwa haraka haraka. Mstari mmoja uonyeshe analala wapi, tangu lini, ana watoto au hana, afya yake, karatasi gani hana, nani anamfuatilia, hatua inayofuata ni ipi na mwisho lini. Ukikuta kwenye "nani anamfuatilia" pameandikwa "wadau wote" basi jua hakuna anayemfuatilia.

Halafu mkutano, kila wiki, usizidi saa moja, na mnaongelea majina, sio ripoti. Mfano mama mwenye watoto wawili, chumba kimepatikana, mbona hajahamia? Anasubiri barua. Barua iko wapi? Iko kwa bosi wa huyo dada aliyekaa pale mwisho. Haya dada piga simu sasa hivi tukiwa hapa. Inaonekana kama unamwaibisha mtu lakini ukiizoesha kwa upole watu wanaipenda, maana na wao walikuwa wamekwama peke yao muda wote huo.

Mzozo mkubwa utakaokutana nao ni huu, mtu aache kwanza pombe ndo apewe nyumba, au apewe nyumba kwanza? Mi niko upande wa nyumba kwanza. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliianza njia hii New York mwaka 1992 na watu wenye matatizo ya akili ambao wengi waliwaona hawawezi kukaa nyumbani, na wengi wakakaa. Finland kuanzia 2008 waligeuza shelta zao kuwa nyumba za kupanga zenye mkataba, na idadi ya wasio na makazi ikashuka sana. Houston, Marekani nayo, mashirika zaidi ya 100 yalikubali kufuata mpango mmoja, na ndani ya miaka kumi hivi wakahamishia watu zaidi ya 25,000 kwenye nyumba. Angalia hapo, nyumba zenyewe ni muhimu ndiyo, ila bila yale mashirika kukubaliana hizo nyumba zingegawanywa kwa kujuana.

Wenye nyumba usiwaachie madalali. Wape namba ya simu ambayo inapokelewa kweli, hata usiku, mpangaji akizingua au bomba likipasuka. Mwenye nyumba anayepokelewa simu anakuletea na chumba cha pili, asiyepokelewa anawaambia wenzake wote.

Kila mwezi angalia namba mbili tu, walioingia kwenye orodha na waliotoka kwenda kwenye nyumba. Mnaweza kuhamisha watu wengi mkapiga picha na mkapongezwa, na orodha bado inakua, hapo tatizo liko mlangoni, labda hospitali inawaruhusu wagonjwa wasio na pa kwenda, au gereza, au kodi zimepanda. Nenda kaongee na hao.

Na weka mezani watu waliowahi kulala nje, walipwe kama washauri wengine, sio soda na nauli.

Siku ya intavyuu wakikuuliza kama una swali, waulize orodha iko wapi na mara ya mwisho imesasishwa lini. Wakianza kuangaliana jua unaanza na karatasi tupu, na mshahara uutaje kwa kuzingatia hilo.