Kutunza Farasi wa Watu Wengine Katika Banda Lako
Kabla ya kupokea farasi wa mtu mwingine, andikianeni mkataba unaotaja ada, atakayemlipa daktari wa mifugo, na hatua utakayochukua iwapo mmiliki hapatikani kwa simu usiku, kwa kuwa migogoro mingi huanzia hapo, si kwenye malisho.

Farasi wa kilo 450 huhitaji takriban kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Mgawie kidogo kidogo, na ukibadilisha chakula, fanya hivyo kwa siku 7 hadi 10, maana farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo waweza kumuua kwa muda wa saa chache. Anayegaagaa, anayejitazama ubavuni au anayesusia chakula, muitie daktari bila kungoja kupambazuke.

Nchini Kenya, ambako visubi (wadudu wadogo wanaouma) hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, waingize farasi bandani kabla ya jua kuchwa, na umpokee farasi mgeni aliyechanjwa tu. Samadi iondolewe kila siku (wakulima wa mboga huichukua kwa furaha). Saisi (mtunza farasi) anayeijua tabia ya kila farasi mlipe vizuri, kwani akiondoka, wateja nao humfuata.