Kuendesha mjadala wa siasa za Uganda kwenye kundi la WhatsApp mpaka ufike mwisho

Mwongozo huu ni wa kundi lenye watu kati ya 30 na 300 wanaojadili siasa za Uganda kwa Kiswahili: wafanyabiashara wa Busia na Malaba, madereva wa malori wa Mutukula, wanafunzi wa Kampala, wastaafu wa jeshi. Mada moja ipewe siku tatu, mwenyekiti mmoja na mtunza kumbukumbu mmoja. Usimpe kazi hizo mbili mtu mmoja, atachoka siku ya pili.

Watu husema mijadala yetu inauawa na matusi. Matusi huja baadaye. Kinachoiua ni watu kumi kujibu maswali kumi huku kila mmoja akidhani wanajibu swali lake.

Hatua ya 1: Kata mada ibaki swali moja

"Mzee amekaa sana", yaani Rais Museveni amekaa sana madarakani, si mada. Ndani yake kuna Katiba, uchaguzi, uchumi, jeshi na familia, na kila mchangiaji atachukua kipande chake akimbie nacho. Swali linalojadilika lina jambo moja, halizidi maneno 20, na mtu anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana kabla ya kueleza sababu. Mfano: "Je, Katiba irudishe kikomo cha mihula miwili ya urais?"

Mwenyekiti aliandike swali, kisha alibandike juu ya kundi kwa siku 7 (WhatsApp inaruhusu saa 24, siku 7 au siku 30). Anayekuja na jambo jingine asifukuzwe. Jambo lake liandikwe kwenye foleni ya mada zijazo, na aambiwe hivyo hadharani, maana asipoambiwa atalirudisha kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 2: Tenga mafungu matatu

Kila swali la siasa lina yaliyotokea, yanayosemwa na sheria, na yanayofaa. Mafungu mawili ya kwanza huamuliwa na karatasi. La tatu halina karatasi. Hapo ndipo mjadala wenyewe ulipo. Kundi likianza na la tatu kabla ya kumaliza mawili ya kwanza, litabishana usiku kucha juu ya jambo ambalo lingemalizwa na picha moja ya ukurasa.

Chukua swali letu la mihula. Utasikia mtu akisema Bunge liliondoa vikomo vyote mwaka 2017. Si kweli. Kikomo cha mihula kiliondolewa mwaka 2005. Kilichopigiwa kura tarehe 20 Desemba 2017 ni umri: ibara ya 102(b) ilikuwa inamtaka mgombea urais asiwe chini ya miaka 35 wala juu ya 75. Rais alitia saini wiki iliyofuata, tarehe 27. Na kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau: marekebisho yale yale ya umri yalikuwa yamerudisha kikomo cha mihula miwili. Mahakama ya Katiba, iliyokaa Mbale Julai 2018, ndiyo iliyokifuta kipengele hicho, pamoja na kile cha kuongeza muda wa Bunge kutoka miaka mitano hadi saba. Suala la umri lenyewe likabaki, na Mahakama ya Juu ikalithibitisha Aprili 2019 kwa majaji wanne dhidi ya watatu.

Ukiweka hayo mezani siku ya kwanza, nusu ya ugomvi inakosa pa kusimama. Kinachobaki ni swali halisi: kikomo kinafaa au hakifai?

Hatua ya 3: Leta karatasi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huchoka.

*Sheria.* Katiba, sheria na hukumu nyingi zinapatikana bure kwenye ULII, tovuti ya sheria za Uganda. Usitume faili lote la kurasa 200. Bando la watu si lako. Tuma picha ya ukurasa wenye ibara husika, namba ya ibara ikionekana, na jina la sheria pamoja na mwaka juu yake. Mtego mkubwa ni namba. Toleo la saba la sheria za Uganda lililorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na likabadilisha namba za vifungu vingi. Watu wawili wanaweza kutaja kifungu cha 25 cha sheria moja na kila mmoja akawa na andiko tofauti mkononi. Sema toleo lako kabla ya kusema kifungu.

Tazama pia kama kifungu bado kiko hai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023, lakini hadi leo watu hutishana nacho. Vivyo hivyo kodi ya mitandao ya kijamii (OTT) ya shilingi 200 kwa siku: ilianza Julai 2018, na Julai 2021 nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Anayesema "bado tunalipa OTT" ana hoja kuhusu mzigo wa gharama, ila ametaja kodi isiyokuwepo, na mpinzani wake atamshika hapo hapo.

*Uchaguzi.* Kwa takwimu yoyote ya kura, uliza mambo mawili: ni ya tarehe gani, na ni asilimia ya nini? Tume ya Uchaguzi ilipotangaza matokeo ya urais tarehe 16 Januari 2021, Museveni alikuwa na kura 5,851,037, yaani 58.64%. Baada ya kuongezwa matokeo ya vituo vilivyokuwa havijaingia, akawa na kura 6,042,898, yaani 58.38%. Kura zimepanda, asilimia imeshuka, na hakuna ajabu yoyote kihesabu, kwa kuwa jumla nayo imekua. Watu wamerushiana maneno ya "mwongo" juu ya namba hizi mbili ilhali zote ni za Tume. Tena, hizo ni asilimia za kura halali. Ukizigawa kura 6,042,898 kwa wapiga kura 18,103,603 walioandikishwa, unapata takriban 33%. Mmoja anasema "zaidi ya nusu walimchagua", mwingine "theluthi moja tu", na wote wamepiga hesabu sawasawa. Katiba yenyewe, ibara ya 103(4), inatumia kipimo cha kura halali: zaidi ya 50%.

Ikija picha ya fomu ya DR, yaani fomu ya kutangaza matokeo ya kituo, usiipokee wala usiikatae kabla ya kujumlisha. Kura za wagombea wote zikijumlishwa lazima zilingane na kura halali. Kura halali na zilizoharibika zikijumlishwa lazima zilingane na jumla iliyoandikwa, na jumla hiyo isizidi walioandikishwa kituoni. Kisha angalia jina la kituo, parokia na wilaya, saini ya msimamizi, saini za mawakala. Mwaka 2021 vituo vilikuwa 34,684, kwa hiyo wastani ni watu 522 hivi kwa kituo. Fomu yenye kura 3,000 inastahili maswali. Hata ikiwa sahihi, fomu moja inathibitisha kituo kimoja. Haithibitishi wilaya, sembuse nchi.

*Fedha.* Kuna fedha zilizopangwa, zilizotolewa na zilizotumika. Hotuba ya bajeti ya Juni inataja za kwanza. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, inayotoka mwishoni mwa Desemba, inaeleza yaliyotokea katika mwaka ulioishia tarehe 30 Juni. Anayetumia hotuba kuthibitisha kwamba barabara imejengwa, au anayesema fedha zote zilizopangwa zimeliwa, amechukua karatasi isiyo yake. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa takriban shilingi trilioni 72.4, na sehemu kubwa ilipangwa kwenda kwenye madeni. Hapo hatakosekana wa kuigawa kwa watu milioni 45.9 wa sensa ya 2024 na kutangaza kwamba kila Mganda anadai shilingi milioni 1.6 zake. Mcheke kidogo, kisha mwonyeshe fungu la madeni.

Kwenye miradi uliza hisa. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, watu huliita la Uganda, au la Wafaransa, au la Wachina, kutegemea wanayemlaumu. Hisa ni hizi: TotalEnergies ya Ufaransa 62%, UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda, 15%, TPDC, shirika la mafuta la serikali ya Tanzania, 15%, CNOOC ya China 8%.

*Picha na sauti.* Mishale miwili juu ya ujumbe ina maana umepita mikono mingi. Aliyeutuma kwako hajui ulikotoka. Picha ipitishe Google Lens au TinEye, zinazotafuta ilikowahi kuonekana mtandaoni. Video isimamishe, piga picha za skrini mbili au tatu zenye vitu vingi, uzitafute hizo. Angalia namba za magari ya watu binafsi: za Uganda huanza na U, za Kenya K, za Tanzania T. Picha za maandamano ya Novemba 2020 hurudi kila pakiwa na vurugu, zikiambiwa ni za jana. Ujumbe wa sauti usio na jina, mahali wala tarehe usijadiliwe kabisa, hata msemaji akiwa na uchungu wa kweli.

Hatua ya 4: Andika hoja inayosomeka kwenye simu

Maneno 120 yanatosha. Mstari wa kwanza useme msimamo wako. Mstari wa pili ushahidi, na wa tatu unakopatikana. Halafu sababu inayounganisha ushahidi na msimamo, maana hapo ndipo wengi huruka. Malizia kwa kutaja kitakachokubadilisha mawazo. Asiyeweza kuandika mstari huo wa mwisho amekuja kuhubiri, na kundi lina haki ya kujua hivyo mapema.

Tuma kama ujumbe mmoja. Vipande kumi na viwili vya nusu sentensi vinaingiliwa na majibu, na baada ya dakika tano hakuna ajuaye nani alimjibu nani. Ukikosea, una dakika 15 za kuhariri. Zikipita, andika sahihisho jipya; usifute, kwa sababu majibu ya wenzako yatabaki yakielea.

Hatua ya 5: Jibu hoja, na uijibu ikiwa imesimama

Bonyeza ujumbe unaoujibu ili uonekane juu ya jibu lako. Anza kwa kuurudia kwa maneno ambayo mwenyewe angeyakubali: "Mzee wangu, nikikuelewa vizuri, unasema kikomo cha mihula kinamnyima mwananchi haki ya kumchagua anayemtaka. Ndivyo?" Subiri "ndiyo". Kisha jibu. Mkubwa kwa umri aitwe mzee au mama hata ukimpinga vikali. Kijana akimwita mtu wa miaka 65 "wewe" mbele ya watu 200, hoja yake nzuri imekwisha kazi.

Kuna maneno ya kabila. "Watu wa magharibi wamekula" ni sentensi isiyojadilika. Aliyeisema aombwe aigeuze: ofisi gani, mwaka gani, uteuzi gani, na nani aliyeteua? Mara nyingi chini yake kuna dai la kweli kuhusu uteuzi, na linaweza kuhesabiwa. Asipotaka kuligeuza, mwenyekiti aondoe ujumbe. Hilo si suala la adabu peke yake, kwani kuchochea ubaguzi wa kikabila au kidini ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na simu ya admini ndiyo huulizwa kwanza.

Hatua ya 6: Mwenyekiti na zamu

Wanaokumbuka ebimeeza, ile mijadala ya hadharani iliyorushwa redioni mpaka ilipopigwa marufuku Septemba 2009, wanajua kwamba watu waliweza kupingana mchana kutwa kwa sababu alikuwepo mtu wa kutoa zamu. Mtandaoni fanya hivi. Siku ya kwanza ni ya karatasi tu, bila maoni. Siku ya pili kila mtu apate ujumbe mmoja wa hoja na majibu yasiyozidi matatu. Siku ya tatu ni ya majibu ya mwisho. Kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi, funga kundi ili admini pekee waandike. Ujumbe mwingi wa kujutia huandikwa usiku.

Anayetukana aonywe faragha mara ya kwanza, hadharani mara ya pili, na mara ya tatu aondolewe mpaka mada iishe. Kanuni hiyo impate pia rafiki wa mwenyekiti. Asipoguswa, upande wa pili utahama kimya kimya na mtabaki mnakubaliana wenyewe kwa wenyewe.

Nambari za simu, makazi na picha za watoto wa mtu yeyote, awe mbunge au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), zifutwe mara moja bila mjadala. Na kwa kuwa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia mkesha wa uchaguzi, mtunza kumbukumbu ahifadhi karatasi za kundi kwenye simu yake. Msiziache zote kwenye viungo vya tovuti.

Hatua ya 7: Funga

Mtunza kumbukumbu aandike ujumbe mmoja wenye sehemu nne: yaliyothibitishwa na karatasi yake, yaliyokanushwa, yaliyobaki bila ushahidi, na hoja kali kuliko zote ya kila upande. Ausome kwanza mtu mmoja kutoka kila upande. Wakikubali kwamba hoja zao zimeandikwa kama walivyozisema, ubandikwe juu kwa siku 30. Msipige kura ya nani ameshinda; kura hiyo itahesabu marafiki. Mwanachama mpya akiuliza swali lile lile mwezi ujao, aelekezwe kwenye ujumbe huo, na mada isifunguliwe tena mpaka alete karatasi ambayo haimo.