Filamu Fupi ya Shule: Anzeni na Sauti

Filamu nyingi za wanafunzi huharibiwa na sauti kuliko picha. Picha ikitikisika kidogo mtazamaji huvumilia. Maneno yasiposikika, anaacha kutazama. Basi kabla ya kuamua mtarekodi wapi, nendeni hapo saa ileile mtakayorekodi, mnyamaze dakika moja, msikilize: kengele, viti vinavyoburutwa darasa la juu, feni, kelele za uwanjani.

Darasa tupu lina mwangwi kwa sababu kuta, sakafu na vioo ni vigumu na hurudisha sauti. Tandazeni blanketi nzito mbili tatu sakafuni na juu ya viti, mahali ambapo kamera haioni. Simu inayopiga picha ikiwa mita 3 kutoka kwa msemaji, hunasa chumba kuliko mtu. Tafuteni simu ya pili ya kurekodi sauti tu, ifichwe sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, kwa mfano nyuma ya kitabu mezani. Mfukoni si pazuri, nguo huchakarisha. Kila shoti, yaani kipande kimoja kinachorekodiwa bila kukatizwa, ikianza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera: wakati wa kuhariri, mlio huo mtauoanisha na viganja vinavyokutana kwenye picha. Simu zote ziwe katika hali ya ndegeni. Kabla ya kuondoka, rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho, ndio utakaoziba mapengo kati ya shoti na shoti.

Muswada usizidi kurasa 5. Ukurasa mmoja uliopangwa kama muswada wa filamu hukaribia dakika moja ya filamu, na saa 2 baada ya masomo hutosha shoti 8 hadi 10 hivi, tena kama waigizaji wamekariri. Waigizaji 3 na sehemu 2 za kurekodia zinatosha kabisa.

Kwenye picha, bonyezeni kioo cha simu kwa muda mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Msipofanya hivyo, uso utang'aa na kufifia kila mtu anaposogea. Mwigizaji asiligeuzie dirisha mgongo, atageuka kivuli. Milia ikipita kwenye picha chini ya taa za dari, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huingiza mwanga kwa kila picha, haipatani na umeme: wekeni sekunde 1/50 au 1/100 penye umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), 1/60 au 1/120 penye hezi 60. Wawili wakizungumza, kamera ibaki upande uleule wa mstari unaowaunganisha muda wote, la sivyo wataonekana wote wakitazama upande mmoja.

Kinachosahaulika ni mavazi. Onyesho la dakika moja likirekodiwa siku mbili, begi huhama bega na mikono ya shati hukunjuka. Mpigeni kila mwigizaji picha mnato mwisho wa siku.

Ruhusa ya wazazi na ya mwalimu mkuu iwe ya maandishi, mapema, hasa kama filamu itapandishwa mtandaoni. Muziki pigeni wenyewe. Wimbo wa mtu bila idhini unaweza kufanya video iondolewe.

Video ya 1080p (ubora wa HD kamili) mara nyingi hula megabaiti 100 hadi 150 kwa dakika, hivyo anzeni na gigabaiti 10 zilizo wazi. Jioni hiyohiyo nakilini kila kitu mahali pawili, na msifute chochote simuni kabla ya kufungua nakala zote mbili na kuzicheza.